Mvua Iingiapo Katika Injini

Tarehe 11 Aprili 1929, karibu na Ziwa Tanganyika, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Kongo ya Wabelgiji, ilianguka ndege ndogo ya injini moja aina ya Aviméta 92, ikawaua rubani Edmond Thieffry na mwenzake Gaston Julien, na wa tatu wao, fundi wa mitambo, akasalimika. Thieffry hakuwa mwanagenzi wa anga. Alizaliwa Etterbeek, kiungani mwa Brussels, mwaka 1892, akasoma sheria na kuwa wakili, na vita vya 1914 vilipozuka akageuka rubani, akaangusha ndege kumi za adui, kisha naye akaangushwa mwaka 1918 na kutiwa kifungoni na Wajerumani. Na amani iliporejea alivaa tena joho la uwakili, lakini fikira moja ilimganda isimtoke, nayo ni kwamba safari ya kutoka Ubelgiji hadi Kongo, ambayo kwa meli ilikula majuma, ingeweza kufanywa kwa siku chache kwa kupitia angani.

Fikira hiyo aliitia katika mizani tarehe 12 Februari 1925, alipoondoka Brussels pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Joseph De Bruycker katika ndege kubwa ya injini tatu aina ya Handley Page, iliyopewa jina la binti mfalme Marie-José. Nao walitua Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, tarehe 3 Aprili, baada ya siku 51. Walisifiwa kwa ushujaa, nao walistahili, lakini mimi navutwa zaidi na hesabu nyingine ya safari hiyo: katika siku zote 51 ndege ilikuwa angani kwa saa 75 na dakika 25 tu. Ukihesabu usiku na mchana, kila saa moja ya kuruka ililipiwa kwa saa kumi na tano za kukaa chini, watu wakingoja anga itulie na mitambo itengemae. Miaka minne baadaye Thieffry alikuwa Kongo kwa kusudi jingine, kuchunguza namna ndege ndogo zingeweza kuunganisha miji ya ndani ya nchi, na hapo ndipo ajali ilipomkuta. Tarehe 23 Februari 1935, shirika la Sabena lilipofungua safari ya kawaida baina ya Brussels na Léopoldville, ndege iliyotangulia, Fokker ya injini tatu, ilikwenda ikiwa na jina la Edmond Thieffry, ikamaliza safari kwa siku tano na nusu.

Mji wa Kolwezi, ambao anga yake ndiyo nitakayoizungumzia, haukuwako alipokufa Thieffry. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa ikichimba shaba ya Katanga, na reli ilikwisha fika Elisabethville, yaani Lubumbashi, tangu mwaka 1910, lakini Kolwezi yenyewe iliasisiwa mwaka 1937 ili kuwa makao ya machimbo ya magharibi. Hata hivyo anga aliyoijaribu Thieffry na anga iliyo juu ya Kolwezi ni za tabia moja: bara la juu lililo mbali na bahari, lenye kiangazi kikavu cha vumbi na moshi, na masika ya radi ambayo kila alasiri hujenga milima ya mawingu juu ya Mto Lualaba. Ndege ndogo zilizoundwa zamani, ambazo baadhi yake zingali zikiruka katika Afrika hata leo kwa kazi au kwa mapenzi ya wenyewe, hukutana na anga hiyo zikiwa na injini zilizobuniwa katika nchi za chini na za baridi.

Habari ya kuanguka kwa ndege za namna hii aghalabu hutaja sababu mbili mbalimbali: kwamba injini iliharibika, na kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya. Msomaji huelewa kuwa misiba miwili ilisadifiana, akasikitikia bahati ya rubani. Lakini katika injini za zamani, mara nyingi msiba ni mmoja. Injini huvuta pumzi kutoka katika hewa ile ile inayoichafua anga, na hewa hiyo ikiwa nyepesi, au ya moto, au imebeba maji, basi injini imekwisha kuugua kabla fundi hajapata cha kulaumiwa. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa kuwa ni jambo ambalo abiria wachache wanalijua, na ambalo hata marubani wenye saa nyingi hulisahau siku ambayo jua limewaka.

Tuanze na wepesi wa hewa. Uwanja wa ndege wa Kolwezi umo katika kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari. Kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua uzito, na injini isiyo na mtambo wa kuisukumia hewa hupata kidogo kuliko iliyozoea, ikaunguza petroli kidogo, ikatoa nguvu kidogo. Katika kimo cha Kolwezi upungufu huo ni kama asilimia 15, kwa hiyo injini inayotoa nguvu za farasi 100 pale Mombasa hutoa 85 hapa, nayo hiyo ni hesabu ya siku ya baridi. Jua la Oktoba, kabla ya mvua kuanza, huipunguza hewa tena, na nguvu hupungua nayo. Mabawa nayo hutegemea hewa hiyo hiyo, na rafadha vilevile. Ndege iliyozoea kuinuka baada ya mita 300 itataka mita nyingi zaidi, na ikisha kuinuka itapanda polepole, na rubani mgeni atadhani kuwa injini ina kasoro, hali injini ni nzima na mgonjwa ni hewa.

Hatari ya pili ni ya ajabu zaidi, na msomaji wa jimbo la Lualaba huenda akaona nafanya mzaha nikimwambia kuwa injini inaweza kuziba kwa barafu mjini Kolwezi, katika siku ambayo watu wamevaa mashati ya mikono mifupi. Injini nyingi za zamani huchanganya hewa na petroli ndani ya chombo kiitwacho kabureta. Humo hewa hupitishwa katika koo jembamba, nayo ikipita kwa kasi shindikizo lake hushuka na kuifyonza petroli, na petroli ile hugeuka mvuke papo hapo. Atakayetaka kujua matokeo yake na ajimwagie spiriti kidogo kiganjani: ataona jinsi mkono unavyopoa, kwa sababu kila kinachogeuka mvuke huchukua joto kutoka mahali kilipo. Ndani ya kabureta joto linaweza kushuka kwa digrii 20 na zaidi. Basi ikiwa nje ni digrii 20, na hewa imejaa unyevu baada ya mvua ya usiku, kuta za lile koo hufika kwenye kiwango cha barafu au chini yake, na unyevu wa hewa huganda pale pale, tabaka juu ya tabaka, mpaka njia ya pumzi inapungua na hatimaye kufungika.

Namna inavyomjia rubani ndiyo inayoifanya kuwa ya hila. Injini haikomi ghafla. Katika ndege yenye rafadha isiyobadilika pembe, mizunguko hupungua kidogo kidogo, na rubani, bila ya kufikiri, husukuma mbele wenzo wa petroli ili kuirejesha. Mizunguko hurejea, naye akasahau. Baada ya dakika kadhaa hushuka tena, naye akasukuma tena, hata wenzo ukafika mwisho wake na injini ikaanza kutetemeka. Hatari huwa kubwa zaidi wakati wa kuteremka, kwa kuwa mlango wa kabureta umefungwa nusu na nafasi ya kuziba ni ndogo, na joto la injini nalo limepungua. Na kuteremka ndiko rubani anakokufanya akitafuta uwanja chini ya mawingu mazito.

Dawa yake inajulikana tangu zamani, nayo ni wenzo mwingine mdogo unaoiletea kabureta hewa iliyopashwa moto kwenye bomba la moshi. Lakini dawa hiyo ina uchungu wake. Barafu ikiyeyuka, maji yake huingia ndani ya silinda, na injini iliyokuwa ikikohoa kidogo sasa hukohoa sana, ikatikisika na kupoteza nguvu zaidi, kwa muda ambao kwa saa ni sekunde chache lakini kwa moyo wa mtu ni mrefu mno. Rubani asiyefundishwa hudhani kuwa amezidisha maradhi, akaurudisha wenzo mahali pake, na barafu ikajengeka tena. Aliyefundishwa huuacha pale pale, akavumilia ghasia, hata injini ikasafika koo na kurudia mlio wake. Sijui fani nyingine ambayo mtu hutakiwa kwa uthabiti namna hii aache kitu kizidi kuharibika ili kipate kupona, labda utabibu.

Kisa kilicho wazi kuliko vyote cha anga kuingia ndani ya injini hakikutokea Afrika, ingawa ndege ilikuwa ya Afrika na rubani alikuwa mlelewa wa Afrika. Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya angali mtoto mdogo, akakulia Njoro kwa baba yake aliyekuwa mfugaji na mfunza farasi, akicheza na watoto wa Kinandi na kusema Kiswahili. Urubani alifundishwa na Tom Campbell Black, mmoja wa marubani waliotangulia katika Kenya, naye akaufanya kuwa kazi: alichukua barua, alichukua abiria na wagonjwa, na, jambo ambalo leo tungelitazama kwa jicho jingine, aliruka juu ya nyika kuwatafutia wawindaji makundi ya tembo.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, akikusudia kufika New York. Ndege yake ilikuwa Percival Vega Gull, ya injini moja ya silinda sita yenye nguvu za farasi 200, aliyoazimwa na John Carberry, mlowezi wa Kenya. Na ubavuni ilikuwa na herufi VP-KCC, ambazo ni alama za uandikishaji wa Kenya. Chumba cha abiria kilijazwa matangi ya petroli. Redio hakuwa nayo. Njia aliyoichagua ilikuwa kinyume cha desturi ya pepo, kwa kuwa juu ya bahari ile pepo kubwa huvuma kutoka magharibi, na anayetoka Ulaya kwenda Marekani huzipokea usoni safari nzima. Mvua ilimlaki mapema, na giza likafuata, na ukungu, hata kwa saa nyingi hakuona bahari wala mbingu, ila vioo vya vipimo vya ndege yake.

Katika kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night, anasimulia jinsi tangi moja lilipokwisha katikati ya giza. Alikuwa ameagizwa asifungue bilula ya tangi la pili mpaka la kwanza likauke kabisa, ili lisipotee hata tone. Basi injini ikanyamaza, ndege ikaanza kuzama kuelekea bahari asiyoiona, naye akawa anaitafuta bilula kwa vidole, na alipoipata na kuifungua injini haikuwaka mara moja. Iliwaka maji yakiwa karibu sana. Lakini huo haukuwa ubaya wa injini, ulikuwa ni mpango. Ubaya wenyewe ulikuja mwisho, alipokwisha kuvuka bahari na kuiona pwani ya Kanada, na akiwa ndani ya tangi la mwisho ambalo kwa hesabu lilikuwa na petroli ya kumtosha: injini ikaanza kukohoa, ikakata, ikashika, ikakata tena. Alibadilisha bilula, akajaribu kila alilofundishwa, hata akaona hapana budi kutua. Mahali palipopatikana, Baleine katika kisiwa cha Cape Breton, palikuwa kinamasi chenye mawe. Magurudumu yalizama, pua ya ndege ikajichimbia topeni, naye akapigwa kichwani akatoka damu, lakini alitoka kwa miguu yake. Alikuwa amekaa angani saa 21 na dakika 25, na akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. New York alifika kwa ndege ya watu wengine, akapokewa kwa shangwe.

Ndege ilipochunguzwa, ilionekana kuwa barafu ilikuwa imeziba tundu la hewa la tangi lile la mwisho. Ni jambo dogo linalotaka maelezo. Tangi la petroli sharti liwe na tundu la kuingizia hewa, kwa sababu kila petroli inapotoka lazima hewa iingie mahali pake. Tundu likiziba, petroli hukataa kutoka, na injini hufa njaa hali chakula kimejaa nyumbani. Injini ya Bibi Markham haikuwa na dosari. Petroli yake haikuwa imekwisha. Unyevu wa anga ya kaskazini uliganda katika kitundu kidogo, na hilo likatosha kuishusha ndege iliyoshinda bahari nzima. 

Katika Katanga tundu hilo halizibwi na barafu, bali na dondora. Mdudu huyu hupenda kila kitundu kilicho kimya, na ndege iliyolala nje siku mbili tatu ni neema kwake. Hujenga humo kwa udongo wake laini, na udongo ukikauka huwa mgumu kama kigae. Hujenga katika tundu la tangi, na katika mrija ule wa mbele ya bawa unaopima mwendo wa ndege. Ndiyo maana vifuniko vidogo vyenye utepe mwekundu hufungwa kwenye mirija hiyo ndege ikitua, na rubani mwenye hadhari, hata vifuniko vikiwapo, huinama na kuchungulia kila tundu kabla ya kuwasha.

Yako pia maji yanayoingia katika petroli yenyewe. Petroli ya ndege za injini za silinda ni adimu katika nchi yetu, na aghalabu husafirishwa na kuwekwa katika mapipa. Na pipa lililopungua, likishinda juani na kulala katika baridi ya usiku wa bara la juu, hutoa jasho kwa ndani, na mvua nayo hutafuta njia kupitia kizibo kilicholegea. Kwa hiyo mafundi wa zamani huipitisha petroli katika faneli yenye ngozi laini, ambayo huiachia petroli na kuyazuia maji, na rubani naye, kila asubuhi, huchota kidogo kutoka chini ya kila tangi katika kikombe cha kioo na kukiinua kwenye mwanga. Petroli inayotumika zaidi hutiwa rangi ya buluu hafifu. Maji yakiwamo hukaa chini, tone moja au mawili yasiyo na rangi, yakitambaa sakafuni mwa kikombe mtu akikiinamisha. Mtego upo pale kikombe chote kinapojaa maji matupu: hapo hakuna mpaka wa kuuona baina ya maji na petroli, na jicho lenye haraka husema ni safi. Ndipo ilipo faida ya rangi, na ya pua.

Juu ya magneto, yaani mitambo midogo ya kuzalisha cheche, nitasema machache. Injini ya ndege huwa na magneto mbili na plagi mbili katika kila silinda, ili moja ikishindwa nyingine iendelee. Lakini waya zilizozeeka, ambazo mpira wake umepasuka, huruhusu mvua kupoteza cheche njiani, na zote mbili zinaweza kuloa kwa mvua moja. Rubani huzijaribu moja moja mwanzoni mwa njia ya kurukia, naye akiona mizunguko imeshuka kupita kiasi, sharti arudi kwa fundi, hata abiria wakinung'unika.

Mpaka hapa nimeizungumzia anga iliyo ndani ya injini. Tufani yenyewe, iliyo nje, ina hesabu yake isiyobembelezeka. Ndege ndogo ya zamani, ikiwa na mzigo wake, hupanda kwa mita mbili au tatu kwa sekunde, na pungufu ya hapo katika kimo cha Kolwezi. Upepo unaoporomoka chini ya wingu la radi unaweza kupita mita kumi kwa sekunde. Rubani aliyeingia chini ya wingu hilo anaweza kufungua petroli yote na kuinua pua ya ndege, na bado akashuka, na wanaomtazama kutoka chini wakaapa kuwa injini ilimwangusha.

Akiingia ndani ya wingu, naye akiwa hakufunzwa kuruka kwa kutazama vipimo vya ndege peke yake, basi muda wake ni mfupi. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo hayo kwa kuwaziba wasione nje; wote 20 walipoteza utawala wa ndege, na wastani wa muda wao ulikuwa sekunde 178, yaani hazikutimia dakika tatu. Sikio la mwanadamu, ambalo chini humwambia kweli, humo humdanganya, akadhani amenyooka kumbe anazunguka. Ndiyo sababu rubani mwenye busara hujibanza chini ya mawingu, akaruka chini chini ili asipoteze kuiona ardhi, na huku akiepuka hatari moja huikaribia nyingine, kwa maana kimo ndicho akiba ya anayepotewa na injini. Ndege ya namna hii, injini ikinyamaza, huteleza mbele mita nane au tisa kwa kila mita moja inayoshuka. Akiwa katika mita 1,000 ana kilomita nane za kuchagulia. Mawingu yakimshusha hata mita 150, ana kilomita moja na kidogo, na muda wa kumeza mate mara chache. Anga mbaya imeidhoofisha injini, na anga hiyo hiyo imekwisha kumnyang'anya dawa ya injini dhaifu.

Na nini kiko chini katika kilomita hiyo moja? Kuzunguka Kolwezi kuna misitu ya miombo, na ndani yake vichuguu vya Katanga, ambavyo vingine hupita urefu wa nyumba; kuna mabonde ya majani yanayoonekana kwa juu kuwa viwanja, ila masika huyageuza matope yanayoshika magurudumu na kuipindua ndege; kuna mashimo ya machimbo yenye ngazi za mwamba; kuna ziwa la bwawa la Nzilo; na kuna nyaya. Waya za umeme ndizo ninazoziogopa kuliko vyote. Kolwezi ni mwisho wa njia kubwa ya umeme itokayo Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700, iliyokamilika mwaka 1982 kwa ajili ya machimbo haya, na zaidi yake ziko njia za vituo vya umeme vya Nzilo na Nseke na matawi yake yaendayo kila kiwanda. Minara huonekana, waya hazionekani, na katika mvua hata minara hupotea. Barabara ya kwenda Likasi, ambayo kwa mgeni ingeonekana kimbilio, ina malori ya shaba mchana na usiku.

Injini ikikata mara tu baada ya kuruka, moyo humwambia rubani ageuke arudi uwanjani, na moyo humdanganya, kwa kuwa kugeuka hula kimo, na ndege iliyoinamishwa kwa nguvu ikiwa na mwendo mdogo huacha kuelea na kuanguka kama ilivyo. Walimu wa urubani wamelirudia neno hili kwa miaka zaidi ya mia: tua mbele yako, kulia kidogo au kushoto kidogo, juu ya lolote litakalovunjika badala yako. Bibi Markham alitua katika kinamasi akapata jeraha. Angalijaribu kuzunguka kutafuta uwanja bora, huenda tusingelikuwa na kitabu chake.

Baada ya ajali huja uchunguzi. Mataifa yalipatana Chicago mwaka 1944 juu ya mambo ya usafiri wa anga, na katika kanuni zilizofuata iliandikwa kuwa uchunguzi wa ajali ni kwa ajili ya kuzuia nyingine, si kwa kumtafuta wa kuadhibiwa. Na Kongo imo katika mapatano hayo. Mchunguzi hutazama rafadha: ikiwa ilikuwa ikizungushwa kwa nguvu, mapanga yake hujikunja na kukwaruzwa kwa upana, na ikiwa ilikuwa imesimama, moja hupinda nyuma na jingine huenda likabaki salama. Hutazama rangi ya plagi, hutazama chujio la petroli, hutazama kila wenzo ulikuwa wapi. Barafu ya kabureta haioni. Imekwisha yeyuka, pengine kabla ya mtu wa kwanza kufika, na kabureta itafunguliwa ikiwa kavu na safi, na fundi atasema kweli kuwa hakuona kasoro. Kinachobaki ni kulinganisha joto la saa ile na unyevu wa saa ile, na kumwuliza aliyekuwa karibu.

Kwa hiyo mkulima aliyekuwa shambani ana ushahidi ambao mabaki ya ndege hayana, ikiwa tu atauhifadhi: kama mvua ilitangulia ndege au ilifuata, kama mlio ulikatika mara moja au ulikohoa kwa muda, kama ndege ilitoka mawinguni au ilikuwa chini yake tangu mwanzo, na ilikuwa saa ngapi kwa jua. Majeruhi wakisha kutolewa, na hatari ya moto ikisha kupita, wanakijiji wasiguse wenzo wowote wala bilula yoyote ndani ya chumba cha rubani, hasa ule wenzo mdogo wa hewa ya moto, kwa sababu mahali ulipoachwa ndipo mchunguzi atakapojua kama rubani aliitambua barafu, na kama alipata wakati wa kuingoja iyeyuke.